Kutumwa Nyumbani

Katika mazishi huku kwetu Mahagi, mkoani Ituri, Kongo, kuna maneno ambayo ni lazima yasemwe. Mchungaji akiisha kuomba, udongo ukiisha kurudishwa, mzee mmoja huwageukia wafiwa na kuwaambia: ni mapenzi ya Mungu. Nimeyasikia maneno hayo juu ya kaburi la bibi aliyekula chumvi nyingi na kuzikwa na vitukuu, nikaitikia amina kwa moyo wote. Nimeyasikia pia juu ya mtoto aliyeangukia motoni kwa kifafa huku watu wazima wamesimama kando wakiogopa kumgusa. Nimeyasikia juu ya vijana waliouawa kwa panga wakitoka shambani. Hapo ulimi wangu ulikataa.

Mimi ni muuguzi, na ni Mkristo niliyelelewa katika kanisa la CECA 20. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba furaha ya mtu hupatikana pale anapojitoa kwa mapenzi ya Mungu. Naamini hivyo hata leo, kuliko nilivyoamini nikiwa msichana. Lakini kazi yangu imenilazimisha kuuliza: mtu anayejitoa anajikabidhi kwa nani, na kwa lipi? Kama kila linalotokea ni mapenzi ya Mungu, basi moto ni mapenzi yake, na panga ni mapenzi yake, na sisi tuliosimama kando tukaogopa tulikuwa tukimtii. Siwezi kukubali hilo. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza katika nchi yetu ya vilima, na nimeyajifunza hasa kutoka kwa mama mmoja na watoto wengi.

Anayetoka Bunia kuja kwetu hufuata barabara ya kitaifa namba 27 kupanda kaskazini, kupitia nchi ya Djugu. Baridi huongezeka kadiri anavyopanda. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na siku ya anga safi, ukisimama kwenye kilima kinachofaa, unaliona Ziwa Albert na ng'ambo yake Uganda. Nyumbani tunasema Kialur, sokoni na kanisani Kiswahili, darasani Kifaransa. Mfukoni mna faranga, dola na shilingi ya Uganda, na mama muuza maharage anazijua bei zote tatu bila kalamu.

Bibi yangu mzaa mama alifundishwa kusoma na watu waliofundishwa Kasengu. Jina hilo kwake lilikuwa kama Yerusalemu. Kasengu ndipo Africa Inland Mission ilipofungua kituo chake cha kwanza katika Kongo, mwaka 1912, baada ya kuingia kwa njia ya Mahagi. Bibi alijua habari za wazungu waliokuja na masanduku yao. Habari ambayo hakuijua, nami niliisoma nikiwa mtu mzima, ni ya yule aliyeanzisha misheni hiyo na hakufika.

Peter Cameron Scott alitua Mombasa mwaka 1895 akiwa na wenzake wachache. Alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo kutoka pwani, kukatiza bara, hadi karibu na Ziwa Chad. Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29, alikufa kwa homa huko Nzaui, Ukambani, akazikwa hukohuko. Wenzake kadhaa walikufa au walirudi kwao, na kwa muda kazi yote ilionekana kuwa imekwisha. Miaka 16 baada ya kifo chake mlolongo ule ulivuka ziwa na kufika kwetu. Sisemi kwamba homa iliyomuua ilitumwa na Mungu. Homa ile ninaijua, nimeipima kwa wengi, na nimepigana nayo usiku. Ninachosema ni kwamba Scott alikuwa ameikabidhi kazi mahali ambapo kifo chake hakikuweza kuifikia. Bibi yangu alisoma Injili kwa sababu ya mtu aliyekufa bila kuiona kazi hiyo ikifika kwetu.

Nilimaliza masomo ya uuguzi Bunia katika miaka iliyofuata vita vya 2003. Mji ulikuwa umejaa mashirika ya kigeni, na magari yao meupe yalikuwa mengi kuliko ya wenyeji. Muuguzi mwenye diploma na Kifaransa kizuri aliweza kupata kazi yenye mshahara wa dola, na mimi niliahidiwa moja. Nilikuwa na mpango ulionyooka: nifanye kazi, niweke akiba, niende Kisangani kusomea udaktari. Niliuombea mpango huo kila asubuhi, kwa imani.

Ndipo ikaja barua ya wazee wa kanisa la nyumbani. Kituo cha afya cha kwetu, katika ukanda wa afya wa Logo, hakikuwa na muuguzi. Aliyekuwapo alikuwa amezeeka na macho yake hayaoni tena vipimo vya sindano. Wazee hawakunilazimisha, waliniuliza tu. Wiki hizo nilifunga na kuomba nikitafuta ishara: ndoto, mstari wa Maandiko utakaoniangukia, mgeni atakayeniambia neno. Sikupata lolote la namna hiyo, na naliandika hili kwa sababu vijana wengi wanasubiri ishara mpaka umri unawapita.

Nilichopata ni mazungumzo. Nilirudi nyumbani kumwona baba aliyekuwa mgonjwa, nikapita kwa mke wa mchungaji, ambaye sote tulimwita Mama Mchungaji. Alikuwa anachambua sombe barazani. Alinikaribisha, akaniulizia baba, akanisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Binti yangu," akasema, "kule Bunia usipokwenda, ile kazi itakosa mtu?"

"Hapana, Mama. Wapo wanaoingoja hata leo."

"Na hii ya hapa?"

Sikuwa na la kusema. Yeye naye hakuongeza neno, alinisogezea ungo tukachambua pamoja. Nilipoaga nilikuwa nimejua. Hakukuwa na nuru wala machozi. Kulikuwa na hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeiweza, na utulivu ambao sikuwa nimeuonja katika maombi yangu yote ya Bunia.

Nimefikiri sana juu ya utulivu huo. Mtume Paulo alitaka kwenda Bithinia, akazuiwa na Roho, na katika Matendo ya Mitume hatuambiwi Roho alimzuia kwa njia gani. Labda kwa ugonjwa, labda kwa njia iliyofungwa. Alishuka hadi Troa bila kujua kinachofuata. Wahubiri wengi hukimbilia maono ya yule Mmakedonia yaliyokuja usiku, lakini mimi hupenda kukaa na zile siku za katikati, za kutembea mbali na mahali ulipopataka ukiwa hujaambiwa bado kwa nini. Wakristo wengi tunaishi katika siku hizo. Mungu hajaacha kuongoza humo.

Kituo changu kilikuwa na vyumba vinne, bati lililovuja juu ya kitanda cha kuzalia, na taa ya sola. Mshahara ulitoka katika kile wagonjwa walichoweza kulipa, mara nyingi kuku, ndoo ya maharage, au samaki wa chumvi kutoka Mahagi-Port. Malaria, kuhara, nimonia, akina mama wa kujifungua: hayo nilikuwa nimeyasomea. Kifafa kilinikuta bila silaha.

Sikujua kwamba wapo wengi kiasi kile. Bunia wanafunzi wa uuguzi hufundishwa kifafa kwa ukurasa mmoja. Huku, katika vijiji vya kando ya mito inayokimbia kwa kasi, nilikuta nyumba yenye mtoto mmoja wa kifafa, na inayofuata yenye wawili. Walikuwa watoto waliozaliwa wazima, wakacheza na kuimba, kisha wakiwa na miaka sita, tisa au kumi na miwili wakaanza kuanguka. Wengine waliacha kukua, wakabaki na mwili wa mtoto katika umri wa kijana. Wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu watoto wetu huota moto asubuhi za baridi na mama hupikia chini, kwenye mafiga. Shule ziliwarudisha. Mabinti hawakuolewa. Watu waliamini povu la mgonjwa huambukiza, kwa hiyo mtoto akianguka, walio karibu hukimbia.

Baadaye watafiti walifika Logo na kulichunguza jambo hili, nasi tukaelewa zaidi. Katika mito yetu, penye maji yanayopiga mawe na kutoa povu, huzaliana usubi, inzi wadogo weusi wanaouma mchana. Inzi hao hubeba minyoo ya ugonjwa ambao wengi wanaujua kama upofu wa mtoni. Mnyoo mzima huishi ndani ya mtu kwa miaka mingi, hata zaidi ya kumi, akizaa maelfu ya vijiminyoo vinavyotembea chini ya ngozi na kuingia machoni. Mahali ambapo watoto huumwa na inzi hao kwa wingi tangu wadogo, kifafa nacho huwa kingi. Dawa ipo: ivamektini, ambayo tangu mwaka 1987 kampuni inayoitengeneza imeitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu kwa jina la Mectizan. Haimuui mnyoo mzima. Huua watoto wake. Kwa hiyo lazima kijiji kizima kiimeze kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hadi minyoo wazee wafe kwa uzee wao. Na kwa yule ambaye tayari anaanguka kuna fenobabitali, kidonge cha bei ndogo ambacho, kikimezwa kila siku bila kuruka, huwapunguzia wengi kuanguka, na wengine huwaondolea kabisa.

Lakini siku za mwanzo sikuyajua yote hayo. Nilijua vidonge tu. Nilimwendea mama mmoja ambaye binti yake alikuwa ameungua mkono na upande wa shavu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akaniambia kwa upole, "Dokta, usijisumbue. Huyu Mungu amekwisha kusema juu yake." Wote huku humwita muuguzi dokta. Yule mama hakuwa mzembe wala mjinga. Alikuwa ameuza mbuzi zake kwa waganga, ameombewa katika makanisa matatu, na mwishowe amefundishwa na watu wa dini kwamba kukubali ndiko kumcha Mungu. Alikuwa amejitoa. Ila alikuwa amejikabidhi kwa inzi wa mtoni akidhani ni Mungu.

Usiku ule nilifungua Injili ya Marko mahali Bwana Yesu anaposhuka mlimani na kukuta umati, na katikati yake baba mwenye mtoto wa namna hii hii, ambaye mara nyingi ameangukia motoni na majini. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho, karibu yote juu ya imani haba ya wanafunzi. Sasa nilikisoma kama muuguzi wa Logo. Kabla ya kumponya, Bwana anauliza swali ambalo mimi huliuliza kila mara: amekuwa hivi tangu lini? Kisha hamwambii yule baba akubali. Wala hasemi kwamba Baba wa mbinguni ndiye aliyependa iwe hivyo. Anamponya, anamshika mkono, anamwinua. Kama yupo aliyeyajua mapenzi ya Mungu, ni yeye, na mbele ya mtoto anayeanguka motoni mapenzi hayo yalikuwa na mkono ulionyooshwa.

Tangu usiku ule nimelishika jambo moja nisiloliachia. Yesu yuleyule aliyekataa kumwachia mtoto kwa moto ndiye aliyekubali kikombe chake mwenyewe kule Gethsemane. Alichokabidhi kilikuwa nafsi yake. Mtoto wa mtu mwingine hakumkabidhi kwa lolote. Sisi mara nyingi tunageuza: tunakuwa wepesi kumtoa jirani kwa mapenzi ya Mungu na wazito kujitoa wenyewe. Kumwambia mjane akubali ni rahisi. Kumlimia shamba lake msimu huu ni kazi, na huko ndiko kujitoa.

Jumapili moja kijana alianguka katikati ya ibada. Benchi lile likawa tupu kwa mara moja. Watu walipandana kukimbilia ukutani. Mama Mchungaji alitoka mstari wa mbele, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Alimlaza ubavu kama nilivyokuwa nimemwonyesha, akaweka kiganja chake chini ya kichwa ili kisipige chini, na povu lilipotoka akalifuta kwa kitenge chake kipya, kile cha sikukuu ya wanawake. Mchungaji alinyamaza. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyekemea pepo. Tulisubiri wote mpaka mwili ulipotulia na kijana akaanza kukoroma kama mtu aliyechoka. Ndipo yule mama akasema, bila kupaza sauti, "Mnaona? Mikono yangu ni mizima." Akabaki pale chini naye mpaka mwisho wa ibada.

Alhamisi iliyofuata, kituoni, akina mama walikuwa wamejipanga hadi nje ya ua. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri na watoto wakubwa mgongoni. Hivyo ndivyo Alhamisi yetu ilivyoanza, na mpaka leo ni siku ya kifafa. Mimi nilikuwa nimezunguka vijiji miezi na miezi na maelezo yangu ya kisayansi. Kitenge kimoja kilifanya zaidi.

Kitenge kile hunikumbusha mtu mwingine aliyehubiri kwa mikono yake. Huko Boga, kusini mwa mkoa wetu wa Ituri, Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda aliyekuja mwaka 1896. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekosa chakula kwa wenyeji, wakaondoka. Apolo alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe. Baadaye alishtakiwa kwa jambo asilolitenda, akafungwa, akaachiliwa, akaendelea. Alipokufa tarehe 30 Mei 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa bado inakwenda. Wengi husimulia habari ya kaburi lake. Mimi nalipenda jembe. Mtu aliyesema kweli kweli kwamba maisha yake ni ya Mungu alianza kwa kulima.

Wasomaji watataka kujua kama watoto walipona. Wapo waliopona. Wapo waliopungukiwa na kuanguka wakarudi shuleni, wakubwa kuliko wenzao wa darasa, wakakaa mbele bila aibu. Wapo waliokufa. Msichana mmoja aliyekuwa hajaanguka kwa karibu mwaka alikwenda mtoni kuchota maji asubuhi, na kwa sababu tulizoea kumwona mzima hakuna aliyemsindikiza. Tulimkuta mahali pa kina kifupi kabisa. Katika mazishi maneno yale yalisemwa tena, nami nilikaa kimya karibu na mama yake. Sikupata faraja siku ile. Nilirudi kituoni Alhamisi kwa sababu ilikuwa Alhamisi, na mama yake alikuja pia, akiwa na vidonge vilivyobaki vya marehemu amefunga katika kitambaa, akasema wapewe mwingine. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sadaka. Hakuna lililonifunza kama kitambaa kile.

Kisha vikaja vita tena. Mauaji yaliyoanza Djugu Desemba 2017 yaliongezeka na kusambaa, na kufikia 2019 yalikuwa yamefika vijiji vya Mahagi. Watu walikuja na magodoro kichwani, wengine bila kitu. Walilala katika shule, katika makanisa, na wengi zaidi katika nyumba za wenyeji ambazo tayari zilikuwa na watu kumi. Wagonjwa maradufu, dawa zilezile. Barabara namba 27 ikawa ya kufa na kupona. Siku nyingine haikupitika kabisa. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, Uganda nayo ikafunga mipaka yake, na watu wa kawaida hawakuweza tena kuvuka mpaka pale Goli.

Kwa mtu wa kifafa kufungwa kwa njia za dawa ni kubaya kuliko kunavyosikika. Fenobabitali haikatwi ghafla. Anayeikatisha anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka katikati, na akafa. Nilikuwa na watoto waliotulia kwa miaka, na boksi za mwisho zilikuwa zinaisha. Nilihesabu vidonge usiku kwa taa ya sola na kuomba kama sijawahi kuomba. Niliwaambia akina mama wa kanisa ukweli wote wa hesabu hiyo.

Walikutana chini ya mti wa kanisa, wenyeji na wakimbizi pamoja. Hakuna aliyekuwa na fedha. Walichangia hivyohivyo: sahani za unga, mayai, noti za shilingi zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje. Mama mmoja aliyekimbia Djugu na watoto wake, aliyekuwa amelala sakafuni mwa darasa kwa wiki nyingi, alitoa sufuria. Nilimkatalia. Akaniambia, "Mama, uniache nami nimtolee Mungu. Wameninyang'anya vingine vyote. Hii natoa mwenyewe." Malori ya mizigo yalikuwa bado yanaruhusiwa kupita mpakani, na kwa dereva mmoja mwaminifu na mfamasia wa upande wa pili, boksi zilifika kabla ya zile za mwisho kuisha. Tulipunguza dozi ya baadhi ya watoto polepole, kwa uangalifu, ili zitoshe. Katika wiki zile hatukumpoteza mtoto yeyote wa Alhamisi. Sijui kuliandika hilo bila kumshukuru Mungu, nami namshukuru hapa.

Maneno ya mama yule wa sufuria yameniongoza tangu hapo. Alitofautisha kwa sentensi mbili kile ambacho mimi nilikuwa nakitafuta kwa miaka. Kunyang'anywa si kujitoa. Wenye panga hawakuwa wajumbe wa Mungu, na hasara aliyopata haikuwa sadaka yake. Sadaka ilikuwa ile sufuria iliyobaki mkononi mwake, aliyoweza kuishika, naye akaiachia. Wahubiri wanaowaambia maskini kwamba kila walichonyang'anywa ni mapenzi ya Mungu wawasikilize watu kama yeye. Na wale wengine, wanaoahidi kwamba ukijitoa utapewa gari na visa, nao wamsikilize. Alikwenda kulala sakafuni jioni ile kama jana yake, akiwa mtu huru kuliko wengi niliowahi kuwaona.

Sikusomea udaktari. Wenzangu wa darasa wako Kinshasa, Kampala, wengine Canada, na tunapigiana simu. Wananiuliza kama nimeridhika, nami hujibu ndiyo, na baada ya kukata simu najichunguza na kukuta ni kweli. Kuridhika huko si kulala usingizi mnono, usiku naamshwa. Si kukosa hofu. Tangu Ituri iwekwe chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021 tumelala na hofu nyingi. Ni kwamba maisha yangu hayavutwi tena pande mbili. Nikiwa hapa, niko hapa. Zamani nikiosha mikono baada ya kuzalisha, nusu yangu ilikuwa Kisangani. Sasa namtazama mtoto usoni, namsikia akilia, na ninajua jina la bibi yake. Naamini huu ndio utoshelevu ambao Mungu huwapa watu wake, na kwamba huupata hata mfungwa kitandani, hata mama wa watoto saba asiyetoka kijijini, yeyote aliyeacha kumbishia Mungu juu ya mahali alipowekwa na akashika kazi iliyopo hapo.

Hivi karibuni muuguzi kijana aliyemaliza Bunia aliniuliza kwa simu kama akubali kuja kwetu. Hajaona ishara, alisema. Nilimwambia ukweli kuhusu mshahara, kuhusu barabara na kuhusu usiku. Nilimwambia pia kwamba hatutamshurutisha, kwa maana aliyeburutwa hawezi kuvumilia miaka ya kazi hii. Alikaa kimya, kisha akaniuliza wagonjwa wa Alhamisi ni wangapi na wanakaa vijiji gani. Nikajua anakuja.

Yule binti aliyeungua shavu, ambaye mama yake aliniambia nisijisumbue, ni mtu mzima sasa na ana miaka kadhaa hajaanguka. Ni mmoja wa wanaogawa ivamektini kijijini. Hupita nyumba kwa nyumba na fimbo yenye alama, humpima kila mtu urefu, kwa kuwa idadi ya vidonge hufuata kimo, na husimama mpaka amwone amemeza. Watu wanamheshimu, wengine wanamheshimu kwa ajili ya kovu lile. Ugawaji huu unatakiwa kuendelea kwa miaka mingi bila kukatika, na mimi sitafika mwisho wake nikiwa kazini. Yeye na muuguzi mpya watafika. Binti huyu nimeanza kumfundisha kujaza daftari za Alhamisi, na ukurasa wa mwezi huu ameuandika yeye.